Deni la mume ni deni la nani? Somo nililolipata Embu na Meru

Dada yangu alinipigia simu kabla ya adhana ya alfajiri. Nilijua si salamu.

"Kaka, jana wamekuja watu wakapiga picha nyumba na shamba. Wanasema vitauzwa kwa mnada."

Sisi ni wazaliwa wa Kaloleni, kaunti ya Kilifi. Dada aliolewa na mwanamume wa Mbeere, kaunti ya Embu, ambaye walijuana Mombasa wakati shemeji akileta muguka huku pwani. Walifunga ndoa kanisani, kisha wakaenda kuishi kwao karibu na Kiritiri. Shemeji ana shamba la ekari mbili, nyumba ya mawe waliyoijenga pamoja, ng'ombe wawili, na gari aina ya pikapu alilonunua kwa mkopo.

Nilipanda basi la usiku. Nilipofika, dada alikuwa ametandaza karatasi mezani. Mkopo wa kwanza ulichukuliwa mwaka wa 2022 kununua pikapu, na hatimiliki ya shamba ikawekwa rehani. Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zikapiga marufuku muguka. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku hayo siku chache baadaye, lakini shemeji alikuwa tayari nyuma kwa malipo, na wiki ile ikamsukuma shimoni. Akaanza kukopa kwa simu ili alipe mkopeshaji wa kwanza. Akakopa kwenye sacco, ndugu zake wawili wakiwa wadhamini. Dada alijua mkopo wa pikapu peke yake. Hayo mengine aliyasikia siku moja na mimi.

Aliniuliza maswali mawili. "Hili deni ni langu pia?" Halafu, shemeji alipotoka nje: "Nikimwacha yeye, deni nalo litaniacha?"

Sikuwa na jibu. Mimi si wakili. Nimetumia muda kuwauliza mawakili na kusoma sheria zenyewe, na ninayaandika hapa kwa sababu najua maswali ya dada yangu yanaulizwa Likoni, Mtwapa na Malindi kama yanavyoulizwa Kiritiri.

Deni lilienda wapi?

Sheria kubwa hapa ni Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013. Wengi wetu tunaijua kwa habari ya kugawana nyumba na shamba. Lakini kifungu cha 10 kinazungumzia madeni, na hicho hakisomwi sana.

Kinasema mambo matatu. Deni ambalo mtu aliingia nalo kwenye ndoa kuhusu mali yake linabaki lake. Mali hiyo ikigeuka kuwa mali ya ndoa, deni lake linagawanywa sawasawa, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vingine. Na deni lililochukuliwa ndani ya ndoa kwa faida ya ndoa, pamoja na gharama za haki na za maana kwa ajili ya ndoa hiyo, linabebwa na wote wawili sawasawa.

Maneno ya kushika ni "kwa faida ya ndoa". Sheria haiishii kwenye jina lililoandikwa kwenye fomu ya mkopo. Inauliza pesa zilifanya nini. Mkopo wa pikapu iliyolisha nyumba na kulipa karo ni deni la ndoa, hata kama aliyekopa ni mume peke yake. Pesa zilizokopwa kwa simu usiku zikaishia kwenye kamari au kwa mpenzi wa nje, mke anaweza kusimama mbele ya hakimu na kusema hazikufika nyumbani kwake.

Hapa watu wengi hujikwaa. Kifungu hicho kinapanga hesabu kati ya mume na mke. Hakimfungi mkopeshaji. Benki au sacco inamdai aliyetia sahihi: mkopaji, mdhamini na aliyeweka mali yake rehani. Kama mke hakutia sahihi popote, mkopeshaji hawezi kumshtaki kwa sababu tu ni mke wa mdaiwa. Na kama alitia sahihi kuwa mdhamini, atadaiwa hata kama hakuonja shilingi moja ya mkopo huo.

Sahihi ya mwenzi

Nilimwuliza dada kama aliwahi kutia sahihi karatasi yoyote. Alifikiri kidogo, akakumbuka. Mwaka wa 2022 shemeji alimpeleka mjini Embu, wakaingia ofisini, afisa mmoja akamsogezea karatasi na kumwambia, "Mama, weka sahihi hapa na hapa." Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Hakuna aliyemweleza kwamba anakubali nyumba yake iuzwe mkopo usipolipwa. Aliambiwa ni kuonyesha tu kwamba yeye ni mke.

Sheria inalinda nyumba ya ndoa kwa nguvu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 68, inaliagiza Bunge kutunga sheria ya kulinda mali ya ndoa, hasa nyumba ya familia, wakati wa ndoa na inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa, kifungu cha 12, inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani wala kukodishwa bila idhini ya maandishi ya wote wawili, tena idhini ya mtu anayeelewa anachokubali. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 79, inasema rehani juu ya nyumba ya ndoa ni halali tu ikiwa karatasi zake zimetiwa sahihi na mwenye ardhi na mwenzi wake anayeishi humo, au zinaonyesha kwamba mwenzi huyo amekubali.

Kwa shamba la kilimo, kama ilivyo sehemu kubwa ya Meru na Embu, kuna mlango mwingine: bodi inayosimamia shughuli za ardhi ya kilimo, ambayo ni lazima itoe kibali ardhi inapouzwa au kuwekwa rehani. Kwa kawaida bodi hutaka kumwona mke au mume ana kwa ana. Ukiitwa huko, usiende kama msindikizaji. Uliza unaitiwa nini.

Basi sahihi ya mwenzi ndiyo kufuli ya nyumba. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaifungua bila kutazama. Wakili mmoja wa Embu alimweleza dada bila kumpaka mafuta: mke ambaye hakutia sahihi kabisa ana kesi nzito mkononi. Mke aliyetia sahihi halafu aseme hakuelewa, au alilazimishwa, ana haki ya kusikizwa, lakini mzigo wa kuthibitisha uko juu yake, na mkopeshaji ataleta karatasi inayoonyesha jina lake, nambari ya kitambulisho na sahihi yake.

Na mwenzi huyu si mke tu. Nilikutana na wanaume ambao wake zao, walimu au wafanyabiashara, ndio wenye hatimiliki. Sheria ni ile ile kwao.

Notisi zina siku zake

Kilichomwokoa dada kwa muda si sahihi yake. Ni siku.

Mkopo wenye rehani ya ardhi usipolipwa, mkopeshaji hawezi kuamka asubuhi na kuuza. Kwanza anatoa notisi ya kudai, ambayo ni lazima imwachie mdaiwa muda usiopungua miezi mitatu kulipa. Muda huo ukiisha bila malipo, anatoa notisi ya pili, ya nia ya kuuza, ya siku zisizopungua 40. Baadaye dalali wa mnada naye hutoa notisi yake ya siku 45 za kukomboa mali. Kabla ya kuuza, mkopeshaji ni lazima athaminishe mali na ajitahidi kupata bei nzuri iwezekanavyo.

Jambo ambalo dada hakulijua, na mimi pia sikulijua, ni kwamba ile notisi ya siku 40 haitumwi kwa mkopaji peke yake. Mwenzi wake naye ni lazima apelekewe nakala. Dada hakuwa ameletewa chochote. Wakili akaandika barua, mnada ukaahirishwa, wakakaa na mkopeshaji mezani.

Lakini tusidanganyane. Kasoro ya notisi husimamisha mnada, haifuti deni. Mkopeshaji anaweza kurudi na notisi sahihi na kuanza kuhesabu upya. Siku ulizopata ni za kutafuta pesa au makubaliano, na riba inaendelea kupanda wakati huo wote.

Maua: aliyekopa ni mke

Nikiwa Kiritiri, shemeji alinieleza habari za dada yake aliyeolewa Maua, eneo la Igembe katika kaunti ya Meru. Nilikwenda kumwona, maana kisa chake ni kinyume cha hiki.

Maua inaishi kwa miraa. Wenyeji wanahesabu miaka yao kwa masoko yaliyofungwa: Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, na Somalia ilipozuia ndege za miraa Machi 2020 na kutofungua hadi Julai 2022. Katika kipindi hicho cha pili, mume wa mama huyu hakuwa na mapato. Mke akakopa kwenye chama cha akina mama, akalipa karo ya mtoto wa sekondari na kununua unga. Aliposhindwa kulipa, wenzake walikuja nyumbani wakitaka kubeba ng'ombe, makochi na tangi la maji.

Mume akasema, "Mwanamke akikopa, alipe mwanamke." Ugomvi ukawa mkubwa. Akamrudisha kwao, na akatishia kudai mbuzi wa ruracio, yaani mahari yake, warudishwe.

Wazee wa koo mbili walikaa. Aliyenisimulia alisema mzee mmoja alimwuliza mume swali moja tu: "Karo ya mtoto ililipwa na nani?" Mume akanyamaza. Mzee yule labda hajawahi kuishika Sheria ya Mali ya Ndoa, lakini aliuliza swali lile lile la kifungu cha 10.

Kuhusu wale waliokuja kubeba vitu, kuna mambo matatu ya kujua. Kwanza, kama mlitia sahihi kuweka vitu fulani dhamana, mkopeshaji ana haki juu ya vitu hivyo, kwa kufuata notisi na utaratibu. Kama hamkutia, ni lazima aende mahakamani kwanza, na anayekuja kushika mali kwa amri ya mahakama ni dalali mwenye leseni, si kikundi cha majirani wenye hasira.

Pili, hata mahakama haishiki kila kitu. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44, inalinda nguo za lazima, sufuria za kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na jamaa yake, mapambo ambayo kwa dini mwanamke hawezi kutenganishwa nayo, na vifaa vya kazi. Mkulima naye huachiwa sehemu ya mifugo na mazao.

Tatu, kama ng'ombe aliyeshikwa ni wa mume na deni ni la mke, au kinyume chake, mwenye ng'ombe anaweza kupinga mahakamani. Ni lazima awahi, kabla pesa za mnada hazijalipwa kwa mdai, na aje na ushahidi kwamba mali ni yake.

Vipi kuhusu jela? Mdaiwa anaweza kufungwa jela ya madai kwa muda usiozidi miezi sita, lakini baada ya kuitwa kueleza kwa nini asifungwe, na jela hiyo ni ya anayeweza kulipa akakataa, si ya maskini. Mwaka wa 2010, Martha Koome, mzaliwa wa Meru ambaye sasa ni Jaji Mkuu, akiwa jaji wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu ya deni tu kunapingana na mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeukubali. Majaji wengine baadaye hawakufika mbali kiasi hicho, lakini wamesisitiza kwamba mdaiwa asikizwe kwanza.

Nikimwacha, deni litaniacha?

Swali la pili la dada lina jibu refu kidogo.

Kudaiwa pekee si sababu ya talaka nchini Kenya. Sheria ya Ndoa ya 2014, kwa ndoa ya Kikristo, inataja uzinzi, ukatili, kumtelekeza mwenzi kwa miaka isiyopungua mitatu, upotovu uliokithiri, na ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Deni huingia mahakamani kupitia milango hiyo. Mume anayempiga mke kwa kuuliza pesa zilikoenda amefanya ukatili. Anayewatoroka wadai akapotea miaka mitatu ametelekeza. Uongo wa miaka mingi kuhusu mali unaweza kumshawishi hakimu kwamba ndoa imekwisha. Walioana kwa mila wanaweza kupita kwanza kwenye usuluhishi wa wazee, lakini talaka yenyewe hutolewa na mahakama. Kumrudisha mke kwao na kudai mbuzi hakuvunji ndoa kisheria.

Talaka ikitolewa, mali ya ndoa hugawanywa. Wengi wanadhani ni nusu kwa nusu moja kwa moja. Sivyo. Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi inayojulikana kwa herufi za majina tu, JOO dhidi ya MBO, kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi kila mmoja apewe nusu bila kuangalia mchango. Kila mmoja ni lazima aonyeshe alichochangia. Katika kesi hiyo yenyewe, mahakama iliacha mgao wa nusu kwa nusu usimame, kwa kuwa mchango ulionekana.

Mchango si pesa tu. Sheria inataja kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shamba. Mama aliyechuna majani chai Runyenjes au kukamua ng'ombe Nkubu kwa miaka 15 amechangia, hata kama jina lake haliko kwenye hatimiliki. Lakini ardhi iliyorithiwa kabla ya ndoa, au inayoshikiliwa kwa niaba ya ukoo, kwa kawaida si mali ya ndoa, ingawa aliyeiendeleza anaweza kudai thamani ya jasho lake.

Deni linaingia hapo kwa njia mbili. Kwanza, kinachogawanywa ni kilichobaki. Nyumba ya shilingi milioni tatu yenye rehani ya milioni mbili, mnagawana milioni moja. Pili, hukumu ya talaka haimhusu mkopeshaji. Hakimu akisema mume ndiye atakayelipa mkopo, na wewe ulitia sahihi kuwa mdhamini, mkopeshaji bado atakuja kwako. Wewe ndiye utakayemfuata mume akurudishie.

Kwa hiyo nilimjibu dada hivi: ukimwacha, madeni ambayo hukutia sahihi hayakufuati kwa mkopeshaji. Yale uliyotia sahihi yatakufuata hadi Kaloleni.

Kufilisika hakuoshi ndoa

Shemeji alikuwa amesikia kwamba mtu akitangazwa mufilisi, madeni yote hufutwa. Kuna ukweli ndani yake, na kuna mtego.

Sheria ya Ufilisi ya mwaka wa 2015 inampa mtu binafsi njia kadhaa kabla ya kufika huko. Anaweza kuomba makubaliano na wadai wake chini ya usimamizi, au amri ya kulipa kwa awamu. Asiye na mali yoyote ya kuuzwa, na ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na milioni nne, anaweza kuomba utaratibu wa wasio na mali, ambao kwa kawaida humwondolea madeni hayo baada ya miezi 12. Njia ya mwisho ni kutangazwa mufilisi. Mali yake huingia mikononi mwa msimamizi ili wadai walipwe, na kwa kawaida huachiliwa miaka mitatu baada ya kuwasilisha maelezo kamili ya hali yake.

Sasa mtego. Mkopeshaji mwenye rehani hasubiri foleni hiyo. Anaweza kuuza mali aliyowekewa hata kama mdaiwa ametangazwa mufilisi. Wadhamini pia hawaokolewi. Shemeji akifilisika, ndugu zake wawili waliomdhamini kwenye sacco wanabaki wanadaiwa. Na matunzo ya mke na watoto yaliyoamriwa na mahakama hayafutiki. Mtu hawezi kufilisika ili akwepe kulisha wanawe.

Kwa upande wa mwenzi, msimamizi huchukua kilicho cha mufilisi tu. Sehemu ya mke katika mali waliyochuma pamoja ni yake, lakini ni lazima ajitokeze na kuionyesha. Risiti za mawe na saruji, kitabu cha maziwa, rekodi za pesa za simu, mashahidi waliomwona akijenga: hivyo ndivyo vitu vya kutunza. Atakayekaa kimya atahesabiwa hana kitu.

Wapo wanaojaribu ujanja. Mume anamwandikia kaka yake shamba, au wanapeana talaka ya uongo ili nyumba ihamie kwa mke kabla wadai hawajafika. Msimamizi anaweza kuiomba mahakama ibatilishe zawadi na mauzo ya bei ya chini yaliyofanywa kuwakimbia wadai. Na nimesikia ya wanawake walioachika kwa uongo wakakuta wameachika kweli.

Kwa wasomaji Waislamu

Sheria ya Mali ya Ndoa, kifungu cha 3, inaruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa, na kesi kama hizo husikizwa na kadhi. Msingi wa sheria hiyo ni mwepesi kueleza: mali ya mke ni yake, mali ya mume ni yake, na mke habebi deni la mume kwa sababu tu ni mkewe. Mahari iliyoahirishwa nayo ni deni juu ya mume. Lakini sahihi ni sahihi. Bibi wa Kisauni aliyemdhamini mumewe benki atadaiwa kama dada yangu wa Kiritiri.

Walipofikia

Kabla ya kurudi Mombasa nilikaa na shemeji nje, chini ya mwembe. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia mkewe mapema.

"Niliona haya, shemeji," akasema. "Kwetu mwanamume haulizwi pesa zimeenda wapi. Nikafikiri nitalipa kabla hajajua."

Nilimwambia kwetu Kaloleni ni vivyo hivyo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini kwa nilivyoona Kiritiri na Maua, kilichoumiza ndoa hizi zaidi ya deni ni kufichwa. Dada hakulia kwa sababu ya pikapu. Alilia alipojua ndugu wa mumewe walikuwa wakijua yeye asichojua.

Pikapu imeuzwa. Pesa zake zilipunguza mkopo wa rehani, na uliobaki umepangwa upya kwa miaka minne. Deni la sacco wanalilipa polepole pamoja na wale ndugu wawili. Mikopo ya simu ndiyo ya kwanza kumalizwa.

Kama unasoma haya na kuna karatasi inakungoja utie sahihi, omba nakala uende nayo nyumbani kwanza. Uliza kwa lugha unayoielewa: mali gani inawekwa rehani, kiasi gani, na nini kitatokea mkishindwa. Kama umeoa au kuolewa na una shaka, fanya utafutaji rasmi wa hatimiliki kwenye ofisi ya ardhi uone kama kuna rehani juu yake. Kama tayari notisi imefika, usiifiche chini ya godoro. Hesabu siku zake na umtafute wakili au shirika linalotoa msaada wa kisheria wiki hiyo hiyo.

Dada hakuomba talaka. Pia hajasema amesamehe. Alirudi nyumbani kwa sharti moja: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, simu zote mbili zinawekwa mezani na kila deni linasomwa kwa sauti. Juzi nilimpigia kumuuliza wanaendeleaje.

"Tunasoma," akaniambia. "Mwezi huu yamebaki matatu."